Nanunua Mashua au Nanunua Kuni?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Lamu ila kazi yangu iko Mombasa. Nilipokwenda nyumbani mwezi uliopita niliona mashua inauzwa, na tangu siku ile haijanitoka moyoni. Ni ya futi 34, mwenyewe anasema ina miaka 23. Iko juu pwani kwa miezi mitano sasa, na imepakwa rangi mpya ya buluu na nyeupe. Anataka shilingi 450,000. Nia yangu ni kuifufua nibebe wageni, na siku za mashindano niingie na mimi. Babu yangu alikuwa nahodha lakini alifariki kabla sijajifunza kitu kwake. Nitajuaje kama nanunua mashua au nanunua kuni?

Jibu: Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako. Nashukuru umeuliza kabla pesa haijatoka mfukoni. Wengi hunijia wakiwa wameshalipa, wanataka niwaambie neno la kuwatuliza, na mara nyingi neno hilo sina.

Miaka 23 isikutishe. Nimeshika vyombo vya miaka 40 ambavyo mkuku wake, ule mti mkuu wa chini, ukiugonga unalia, na nimekataa vyombo vya miaka minane vilivyokuwa vimekwisha. Kinachozeesha chombo ni kuachwa: kuachwa majini miezi na miezi bila kupandishwa na kupakwa deheni (chokaa na shahamu), au kuachwa pwani wazi mvua ya masika ikimiminika ndani.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Mbao za ubavuni ni nguo. Fundi akitoa ubao mbovu leo, kesho jioni mpya umekaa mahali pake. Mwili wa chombo ni mkuku, fashini ya omo na fashini ya tezi, yaani nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma, mataruma ambayo ndiyo mbavu zake, na mstamu unaobeba mlingoti. Mwili ukiwa mzima na umbo halijapotea, hata kama nusu ya mbao zimechoka, nunua. Mwili ukiwa umeoza, hata nguo ing'ae vipi, utakuwa unajenga mashua mpya ndani ya gamba la kuukuu. Hiyo ni ghali kuliko kujenga kutoka mwanzo, kwa kuwa kila kipande unakilipia mara mbili, kukitoa na kukitia.

Ndiyo maana ile rangi inanitia wasiwasi. Simtuhumu mwenye mashua, huenda ameipaka kwa heshima ya mnunuzi. Lakini rangi mpya inafunika madoa ya kutu, inafunika viraka, na inafunika mbao zilizobadilishwa juzi. Muulize kwa upole ni nini kilichofanywa chini ya rangi, na ni fundi gani aliyefanya. Kisha mtafute fundi huyo umuulize na yeye. Lamu si kubwa, na mafundi wa kijiji cha Matondoni wanazijua mashua kama unavyowajua binamu zako: nani aliijenga, mbao zilitoka wapi, iligonga mwamba mwaka gani.

Panga safari yako iangukie siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama. Chombo kilichopandishwa juu pwani hufikiwa na maji siku hizo tu, na wewe utahitaji kukiona kikavu na kukiona kikielea, yote kwa safari moja. Bamvua za kwetu hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na maji hujaa tena jioni, kwa hiyo una asubuhi nzima ya kufanya kazi. Nenda na tochi, nyundo ndogo, bisibisi, uzi wa nailoni, futi ya kupimia, ndoo, na nguo ambazo hutazionea huruma. Omba ruhusa ya kugonga na kuchokoa. Mwenyewe akikataa usiguse popote, basi hapo umeshajibiwa.

Anza na umbo. Simama nyuma ya tezi, rudi hatua ishirini, uitazame mashua kama unavyomtazama mtu anayetembea. Je, bega moja limeshuka? Fashini ya omo na fashini ya tezi zimesimama mstari mmoja, au moja imelalia upande? Zungukia mbele utazame tena. Halafu chukua uzi uuvute ubavuni mwa mkuku, kutoka unapokutana na fashini ya omo mpaka unapokutana na fashini ya tezi, ukazwe usilegee. Mkuku wa mashua zetu huwekwa umenyooka. Chombo kikizeeka, ncha mbili hushuka na katikati hunyanyuka, kwa sababu omo na tezi hazibebwi na maji kama tumbo linavyobebwa. Pima pengo baina ya uzi na ukingo wa chini wa mkuku kila baada ya hatua mbili, uandike. Kwa futi 34, katikati ikinyanyuka kwa upana wa vidole viwili ni uzee wa kawaida. Ikifika vidole vinne, mbao zote zimeshajikunja kufuata ubovu huo, na ukitaka kuunyoosha mkuku kwa nguvu utafungua kila kiungo. Hapo kunja uzi wako, muage mwenyewe kwa adabu, uondoke.

Uzi ukikupa moyo, ingia ndani. Ondoa mbao zote za kukanyagia, mawe ya uzani, kamba, nyavu, kila kitu. Usikubali kuambiwa "huko chini ni kuzuri tu". Ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, ndipo mashua inaposema kweli.

Kitu cha kwanza nitakachokuomba utafute ngamani ni saruji. Miaka mingi nyuma niliitwa kukagua jahazi ambalo mnunuzi alikuwa ameshalilipia nusu. Ndani nilikuta sakafu nyororo ya saruji, imepigwa vizuri kama ya nyumba, imefunika miguu ya mataruma kutoka karibu na mlingoti mpaka tezi. Mwenyewe alisema ni ya kuongeza uzito. Nikaomba kuvunja kipande cha upana wa kiganja. Chini yake taruma lilikuwa jeusi, nikalishika kwa vidole likatoka kama mkate uliolowa chai. Saruji ilikuwa imezuia maji yasitoke na hewa isiingie, na kila taruma lililofunikwa lilikuwa hivyo. Tulihesabu kumi na saba. Yule mnunuzi hakurudishiwa pesa yake, na mpaka leo nikiona saruji ngamani moyo wangu unaingia baridi. Vivyo hivyo ukiona lami imemwagwa kwenye viungo, au ubavu umevalishwa faiba juu ya mbao kuukuu. Faiba juu ya mbao zilizokwisha kunywa maji hufungia unyevu ndani, na mbao huoza polepole bila mtu kuona.

Ukikuta maji ngamani, chovya kidole uonje. Usione haya, babu yako alifanya hivyo. Maji yakiwa ya chumvi, yameingia kwa chini, na tundu lake litatafutwa na kuzibwa. Yakiwa matamu, ni ya mvua, na hayo ndiyo ya kuogopa zaidi. Watu hudhani bahari ndiyo inayoozesha mashua. Chumvi huhifadhi mbao, kuvu haipendi chumvi. Mvua ndiyo inayoozesha. Mashua yako imekaa pwani miezi mitano, kwa hiyo jua imekaa wazi au imefunikwa, maana kama masika imeinyea ndani huku tundu la kutolea maji limeziba, uozo utakuwa umeanza mahali ambapo hukutarajia: vichwa vya mataruma chini ya ukingo, pembe za shetri (sehemu ya nyuma), chini ya sitaha ndogo ya omo, na pale mlingoti unapopita. Kila mahali ambapo mvua hutuama na jua halifiki, chokoa kwa bisibisi. Mbao nzima huikataa bisibisi. Mbao iliyooza huikaribisha. Na inua pua: uozo una harufu ya uyoga.

Sasa gonga. Anza mahali unapojua ni pazima ili sikio lako lizoee, kisha uende taruma moja baada ya jingine, pande zote mbili. Mti mgumu mzima hujibu kwa mlio mkali na nyundo inaruka mkononi. Mti uliokufa hujibu "pu", na nyundo inabaki pale pale. Weka alama ya chaki kwenye kila taruma linalojibu vibaya. Usiamini kumbukumbu, hesabu chaki mwishoni. Kipimo changu mimi ni theluthi: mataruma mabovu yakizidi theluthi, siinunui mashua hata kwa bei ya bure. Taruma halipasuliwi kutoka ubao ulionyooka. Fundi huingia mikokoni kutafuta mkomafi au mlilana uliojipinda wenyewe kwa pembe anayoitaka, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa chombo. Kumpata mmoja kunaweza kumchukua siku nzima. Na mikoko haikatwi bila kibali. Marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 ilipoishika na mikoko ya Lamu, mafundi wengi walikaa na kazi zilizosimama nusu. Usianze ukarabati bila kujua mataruma yako yatatoka wapi na kwa karatasi gani.

Mstamu nauweka peke yake. Huo ni ule ubao mnene wa ndani, juu ya mkuku, ambao mguu wa mlingoti umesimama juu yake. Tanga la mashua ya futi 34 likijaa upepo wa kusi, mzigo wote unashukia hapo. Chukua tochi ulale kifudifudi uangalie tundu la mlingoti: limepanuka? Kuna ufa unaokimbia mbele na nyuma? Uchafu na maji ya mvua vimekaa ndani yake? Kama inawezekana mlingoti ung'olewe, ung'oe. Mguu wa mlingoti hufichwa na tundu lake, na mara nyingi ndio wa kwanza kuoza. Nimeona mlingoti mzuri kutoka juu mpaka kiunoni, na chini kukawa na unga.

Nje, chini ya mstari wa maji, unamtafuta mdudu. Huyu anayetoboa mbao baharini kwa kweli ni wa jamii ya kombe, ana gamba dogo kichwani analotumia kama tezo, lile shoka la kuchongea mbao. Huingia akiwa mdogo kama kichwa cha sindano, kisha hunenepa akiwa ndani, kwa hiyo tundu la nje utaliona dogo huku ndani kuna mfereji wa unene wa kidole, umepakwa chokaa nyeupe. Ndiyo maana kutazama peke yake hakutoshi. Pita na nyundo kwenye mkuku na kwenye ubao wa kwanza kila upande, ule unaokaa juu ya mkuku. Panaposikika pepe, omba ruhusa ukwangue kidogo kwa tezo. Ukiona vijia vyeupe vya chokaa, ujue alikuwemo. Miezi mitano juani imeshamuua aliyekuwa hai, lakini mbao alizokula hazirudi. Ubao ukiliwa, badilisha. Mkuku ukiliwa ukingo wa chini tu, unaweza kupigiliwa ubao wa kuukinga. Ukiliwa mpaka katikati, rudi kwenye yale niliyosema juu ya mwili. Wazee walichoma chini ya chombo kwa miali ya makuti kisha wakapaka deheni ya chokaa na shahamu kila baada ya miezi michache, na hawakuwa wakicheza. Muulize mwenyewe mara ya mwisho alipaka lini, na umtazame usoni anapokumbuka.

Misumari sasa. Chombo hiki kimeshikwa na chuma, na chuma na chumvi ni maadui. Kutu ikianza, msumari huvimba kwanza na kupasua mti, kisha hukonda mpaka kiuno chake kinakuwa kama cha nyigu. Dalili ya nje ni doa jeusi kuzunguka kichwa cha msumari, na mti pale huwa laini. Chini ya rangi mpya huoni doa, lakini ukipitisha kiganja utahisi vivimbe. Omba kung'oa misumari mitatu, mmoja omo, mmoja tumboni karibu na mkuku, mmoja tezi. Msumari ukitoka na mti mzima umeushika, na pamba iliyozungushiwa chini ya kichwa bado ina mafuta, huyo fundi aliyeujenga alikuwa fundi kweli. Ukikatika kwa kuvutwa, basi umekuta mashua inayoshikwa na mazoea. Misumari hubadilishwa, ila ni siku nyingi za kazi, na ziingie kwenye hesabu yako. Angalia pia kama kuna mtu alichanganya, mahali skrubu za shaba, mahali misumari ya chuma. Vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, chuma huliwa haraka.

Ukimaliza hayo, jioni maji yakijaa, ishusheni ielee. Itavuja. Usikimbie. Mbao zilizokaa juani miezi mitano zimesinyaa na pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi za mbao, imelegea, na siku ya kwanza maji yataingia kama kwenye kapu. Ifunge mahali ipate maji kila yanapojaa, ziache mbao zinywe. Baada ya siku mbili, fua maji yote kwa upo wa kuchotea mpaka ngama ikauke, kisha usiguse kwa saa kumi na mbili. Rudi na ndoo yako uhesabu. Ndoo tatu nne kwa mashua kuukuu ya ukubwa huo mimi nazikubali, hizo kalafati mpya itazimaliza. Ndoo ishirini baada ya mbao kuvimba maana yake kuna mlango mahali, na kwa kawaida mlango huo uko kwenye kiungo cha mkuku karibu na mlingoti, mahali chombo kinapojikunja zaidi kikiwa na tanga. Ingia na tochi wakati inaelea utafute machozi yanatoka wapi. Ndani ya chombo kinachoelea maji yanakuonyesha mwenyewe.

Tanga, foromali (mti unaoshika tanga) na kamba sitakuchosha navyo, vyote hununuliwa. Bonyeza tu nguo ya tanga kwa kidole gumba karibu na mshono: ikitoboka, jua limeshaila, ihesabu sufuri. Kama kuna injini, angalia fashini ya tezi ilipotobolewa kupitisha mhimili, maana wengi hutoboa bila kufikiria kuwa ile ndiyo nguzo ya nyuma ya chombo.

Kuna jambo moja halionekani kwa tochi, na limewatesa watu niwajuao kuliko uozo. Mashua ni ya nani? Mara nyingi chombo kilichokaa pwani muda mrefu kimekaa kwa sababu mwenyewe amefariki, na anayekiuza ni mmoja wa warithi. Wenzake wako Malindi, wako Oman, hawana habari. Ukishamaliza kukarabati wanatokea. Taka kuona cheti cha usajili na jina lililomo. Kama ni jina la marehemu, warithi wote waweke sahihi mbele ya mashahidi kabla hujatoa hata amana. Na kwa kuwa unataka kubeba wageni, uliza mapema kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya masharti ya ukaguzi, leseni ya nahodha na majaketi ya kuokolea, kwa sababu yataamua hata jinsi utakavyopanga viti ndani.

Juu ya shilingi 450,000, sina haki ya kusema ni ghali au rahisi bila kuiona. Fanya hivi. Chukua hesabu zako za chaki, mbao, misumari na ndoo, zipeleke kwa fundi unayemwamini, mwambie akupigie gharama ya mti, misumari na siku za kazi. Jumlisha na bei ya kununulia. Kisha muulize huyo huyo angekujengea mpya ya futi 34 kwa kiasi gani. Jumla yako ikipita robo tatu ya bei ya mpya, agiza mpya. Ikiwa chini ya hapo, bado shusha bei kwa kuonyesha alama zako za chaki moja moja. Muuzaji muungwana akiona umehesabu, hubadilika.

Najua moyo wako uko kwa babu pia, na sikulaumu. Nami nilinunua chombo changu cha kwanza kwa sababu ya baba yangu. Ndiyo maana nakuomba uende na mtu ambaye hana mapenzi na mashua ile, ashike ndoo na kuandika anachokiona.

Bamvua ijayo ukienda, niletee vitu vitatu kabla ya kukubali bei: vipimo vya uzi ulivyoviandika, idadi ya ndoo baada ya siku mbili, na picha ya mstamu iliyopigwa kwa tochi kutoka upande wa omo. Nitakujibu siku hiyo hiyo.